Tupeane uzoefu: Ijumaa, mfungo, ushungi, sabato... kazini mlifanyaje mkaruhusiwa (au mkanyimwa)?

Mtoto wa Donge
Asalam alaykum, na wasiokuwa wa salamu hiyo habari zenu. Mie nafanya usafi wa vyumba hoteli moja huku pwani ya mashariki, siitaji. Tatizo langu ni Ijumaa. Wageni wanatoka saa tano, wapya wanaingia saa nane, yani kile kipande chote cha kutandika vitanda ndio kile kile cha adhana, khutba na sala. Msikiti uko dakika saba kwa baskeli, nishapima. Supavaiza ananambia sala utailipa baadae, mgeni hasubiri. Wiki ya tatu sasa naisikia khutba kwa spika ya msikiti huku nakunja taulo liwe bata na kulitia maua ya asumini kichwani.

Sasa nauliza, wenzangu mkifikwa na mambo haya mlifanyaje? Si Ijumaa tu, mfungo, ushungi, sabato, kubeba vileo, leteni vyote. Na sheria inasemaje maana kila mtu ananambia lake. Matusi ya dini tafadhali hapana.

Mpishi Mstaafu
Waalaykum salaam mdogo wangu. Mie miaka 14 jikoni, na langu lilikuwa Ramadhani. Mpishi asieonja ni sawa na fundi cherehani asiepima, afu maalim wangu alinambia kuonja kwa ncha ya ulimi kwa haja ya kazi halafu ukatema hakuvunji saumu, lakini mie mwoga, nilikuwa natia chumvi kwa kukisia. Siku moja pweza wa nazi akatoka chumvi bahari yote imo ndani, sahani sita zikarudi jikoni moja baada ya moja, kila ikirudi nasikia joto la uso si la moto.

Shefu alikuwa Mzungu, nikajua leo nafukuzwa. Akaniuliza tu, mwezi mzima huonji? Nikamwambia ndio. Kesho yake akamleta kijana wa Kisukuma akasimama na mie na kijiko, anaonja yeye ananitajia namba, moja chumvi hamna, tano imezidi, tukitaka tatu. Ramadhani nzima nimepika kwa namba. Na futari vile vile, chakula cha usiku cha wageni kinaanza saa moja na adhana yetu saa kumi na mbili na nusu na ushei, nikapewa dakika kumi nyuma ya stoo, tende tatu nnazo mfukoni mwa aproni toka mchana.

Lakini skiliza kilichonikuta mwaka wa pili. Yule shefu kaondoka, kaja mwengine, ndani ya wiki moja kila kitu kimefutwa, namba hakuna, dakika kumi hakuna. Nikasema nilikuwa nimeruhusiwa, akasema nioneshe wapi. Sikuwa na hata kipande cha karatasi.

Mama Fii
Pweza wa namba tatu 😂😂 ami umenimaliza.

Mie mapokezi, ushungi. Wakati nnaajiriwa nilikuja na ushungi kwenye intavyuu, hakuna alosema kitu. Siku ya kupewa yunifomu naambiwa sasa hicho cha kichwani utakuwa unakivua ukifika maana hakimo kwenye yunifomu. Sikugombana. Nikaomba nipewe kitambaa kile kile cha yunifomu mita moja na nusu nitalipa mwenyewe, nikakipeleka kwa fundi Darajani akanishonea ushungi rangi ile ile na ukingo ule ule wa dhahabu, nikaenda nao ofisini nimeuvaa. Meneja akaniangalia akacheka akasema sasa huu ndio yunifomu. Leo wanaufata wasichana watano na wanapewa kitambaa bure, mie hela zangu hazijarudi mpaka leo.

Mpare wa Amani
Mimi ni mgeni wenu hapa Unguja, mwaka wa sita, Msabato. Kwetu kazi inasimama Ijumaa jua likizama mpaka Jumamosi jua likizama. Nipo kwenye ghala la vifaa vya ujenzi. Siku ya kwanza kabisa kabla hata ya kuongea mshahara nilimwambia mzee mwenye duka, Jumamosi mimi sipo, ila Jumapili nipo, na Idd zote mbili nipo, sikukuu mosi mpaka ya nne nyie kaleni pilau funguo niachieni mimi. Akafikiri kidogo akasema kijana wewe ndio niliyekuwa nakutafuta.

Tumeenda vizuri ila mwisho wa mwaka mmoja kuhesabu mali kukaangukia Jumamosi, msimamizi mpya akasema wote. Sikwenda. Nikakatwa siku. Nimeumia lakini sikupeleka popote kwa sababu mzee ananiheshimu, labda nilikosea sijui.

Mwenye Duka Mwembeladu
Naomba na sie waajiri mtuskilize kidogo. Nna watu tisa. Sala simnyimi mtu, mie mwenyewe naswali. Lakini kuna mmoja sala ya adhuhuri anaondoka saa sita na nusu anarudi saa nane kasoro, nikapita mwenyewe namkuta anakula urojo kashika na simu, udhu upo wapi na msikiti upo wapi. Afu nikisema naambiwa nazuia ibada. Wenye kusali kweli ndio wanaoharibiwa na watu kama hao.

Mama Fii
Hilo kweli baba, lakini huyo mkatie dakika zake yeye, usiwafungie mlango wote tisa.

Jirani wa Raha Leo
Nimekuwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi kazini kwetu miaka kadhaa, kwa hiyo hili la sheria nitalijibu kidogo.

Kwanza Zanzibar mambo ya kazi tunayo sheria yetu wenyewe, usiende kwa bosi umeshika sheria ya bara (Namba 6 ya 2004) ukaanza kumtajia CMA (tume yao ya usuluhishi), atakucheka na atakuwa na haki ya kukucheka. Huku ni Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005, inakataza ubaguzi kazini na dini imetajwa. Juu yake ipo Katiba ya Zanzibar ya 1984, ibara ya 19, uhuru wa mtu na dini yake. Na juu ya hapo Tanzania iliridhia mwaka 2002 mkataba namba 111 wa Shirika la Kazi Duniani, ule wa 1958 wa ubaguzi katika ajira, dini imo.

Sasa hapa ndipo watu wanapokosea. Kukataza ubaguzi si sawa na kukupangia zamu. Ukisema tu "mnanizuia kusali" bosi atakujibu sikuzuii, kazi ndio imeangukia hapo, na mmekwama. Uliza hivi: wanaovuta sigara wanatoka mara ngapi kwa siku? Wa zamu nyengine wanabadilishana au hawabadilishani? Kama mwenzio anaruhusiwa kwenda kumpeleka mtoto skuli na weye dakika arubaini kwa wiki huruhusiwi, hapo sasa unayo kesi ya kusema.

Utaratibu: andika barua, fupi, iwe na tarehe, na pendekeza wewe mwenyewe suluhisho. Nakala weka nyumbani si kwenye loka ya kazini. Wakikataa nenda kwa chama, mahoteli wengi wapo CHODAWU-Z, wasio na chama wende Kamisheni ya Kazi, na mgogoro ukikomaa kipo kitengo cha usuluhishi kilichoanzishwa na Sheria ya Mahusiano Kazini Namba 1 ya 2005. Na tafadhali msisaini barua ya kuacha kazi "kwa hiari" mkiwa na hasira. Nimewaona wanne, wote walikuwa na haki na wote walisaini.

Kijana wa Makunduchi
Wa tano mie hapa. Niliambiwa nijaze minibaa za vyumbani, bia na mvinyo, nikasema soda na maji nitajaza, hivyo vyengine sivigusi. Akaletwa mtu wa ofisini na karatasi imeshapigwa chapa, nikasaini nimesimama, hata sikukaa. Kitu nilichokuja kukijua baadae ni kuwa mwenzangu wa korido ya pili, Mkristo wa Songea, alikuwa anaombaomba mtu wa kumshikia zamu ya Krismasi asubuhi akakosa. Yani tungezungumza sie wawili tu kwenye ngazi, yeye anajaza bia zangu mwaka mzima na mie nashika Krismasi yake, kusingekuwa na habari. Supavaiza tulikuwa nae mmoja na wala hakuwahi kutuuliza.

Bint wa Columbus
Nawasoma kutoka Ohio, nikiwa kwenye mapumziko yangu ya ghala la vifurushi. Huku Marekani sheria ipo wazi zaidi, ni ya haki za kiraia ya mwaka 1964, kifungu chake cha saba, mwajiri mwenye watu 15 na kuendelea lazima akupishe kwa ajili ya dini yako isipokuwa iwe inamletea mzigo. Shida ilikuwa kwenye hilo neno mzigo. Toka kesi moja ya shirika la ndege ya 1977 mahakama zilikuwa zinakubali hata kausumbufu kadogo kuwa ni mzigo, bosi akisema tu itanigharimu kidogo basi umeshindwa.

Mwaka 2023 ndio ikabadilika, na alieibadilisha si Muislamu. Ni mpeleka barua wa posta, Gerald Groff wa Pennsylvania, Mkristo asietaka kufanya kazi Jumapili, posta ilipoanza kusambaza vifurushi vya Amazon Jumapili ikawa balaa. Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani ikasema, majaji wote tisa, mwajiri lazima aoneshe mzigo mzito kweli ukiuangalia na biashara yake yote ilivyo, na manung'uniko ya watu wasiopenda dini yako hayahesabiki. Sasa sie dada wa baibui tunaosali baina ya makontena tunatembelea kesi ya bwana wa Jumapili. Mama Fii, na ushungi upo, kesi ya duka la nguo la Abercrombie, 2015, msichana alinyimwa kazi kwa ajili ya ushungi akashinda majaji wanane kwa mmoja.

Ila huku pia kuna muda, malalamiko unayapeleka ndani ya siku 180, majimbo mengi 300, ukilala imekula kwako. Na usimpelekee bosi wako wa Zanzibar hizi kesi ukadhani zinamshika, hazimshiki.

Mzalia Ole
Nyie mnazungumza dakika, mie Pemba, mwalimu, mume wangu Mungu amrehemu alikufa mwezi wa skuli kufunguliwa. Eda miezi minne na siku kumi. Nikakaa nalia mara mbili, mume na kazi. Mwalimu mkuu akaja mwenyewe mpaka barazani, hakuingia, akazungumza na kaka yangu, akasema mwambie vipindi vyake tumegawana, madaftari ya mtihani tutamletea asahihishe akipenda asipopenda basi. Kila Alkhamisi mtoto mmoja wa darasa la sita alikuwa anayaleta kwenye kikapu cha ukindu. Nilisahihisha yote. Hata leo nikiona kikapu cha namna ile nasimama kidogo.

Mpishi Mstaafu
Allah amrehemu dada.

Mtoto wa Donge
Amin. Jamani nashukuruni sana, nimesoma yote.

Jana nimefanya nilivyoambiwa. Kwanza nikazungumza na wenzangu wa vyumba, yupo mmoja wa Tabora kasema Ijumaa atanishikia vyumba vinne kuanzia saa sita na robo, mie namshikia vyake vyote Jumapili asubuhi aende kanisani Mkunazini. Kisha nikaandika barua, mistari tisa, tarehe, na mpango wenyewe huo, na yeye katia saini chini. Nikapiga picha kabla sijaitoa. Supavaiza kaisoma mara mbili kaitia kwenye faili kasema "ngoja nimuoneshe meneja". Hakusema ndio hakusema hapana.

Ijumaa hii nna of ya kawaida kwa hiyo naswali kwetu Donge. Rosta ya wiki ijayo inabandikwa Jumanne jioni mlango wa stoo ya shuka, nitakuja kuwaambia.