Mtoto wa wiki 9 pua imeziba, ananyonya kwa shida: nimsaidieje nyumbani?

MamaK_Njombe

Habari zenu. Naomba msaada. Mwanangu ana wiki 9, kilo 5, mafua yamemwanza juzi. Pua inaziba, usiku ndiyo zaidi. Akishika titi anavuta mara tatu nne, anaachia, analia, anarudi tena. Kwapani kipimajoto kinasoma 36.9. Anakojoa kama kawaida.

Mama mkwe anashauri nimpake Vicks kifuani na chini ya pua. Jirani anasema tumfunike na blanketi tumfukize majani ya mkaratusi. Dukani kuna matone ya maji ya chumvi na kuna mengine ya "kuzibua pua", sijui nichukue yapi. Baridi huku ni kali, jioni tunaingiza jiko la mkaa chumbani. Halafu chanjo ya wiki 10 imekaribia, niahirishe? Asanteni.

---

Nesi_Kliniki

Pole mama, na pole kwa mtoto. Kwa ulivyoeleza, tatizo liko puani. Mtoto wa umri huu hutegemea pua kupumua. Mdomo ukiwa na titi na pua imeziba, hana budi kuachia ndipo apate hewa. Huna namna ya kuyamaliza mafua haraka, ni virusi na vina siku zake. Unachoweza ni kuhakikisha pua iko wazi wakati anaponyonya na anapolazwa.

Chukua matone ya maji ya chumvi ya asilimia 0.9. Yale ya "kuzibua" yaache, mfamasia akipita hapa atakueleza sababu.

Fanya dakika 10 hadi 15 kabla ya kunyonya. Ukisubiri ashibe ndipo uanze kumshika pua, atatapika maziwa yote. Nawa mikono. Shika chupa kiganjani mpaka maji yaache ubaridi, maana tone la baridi linamshtua na kesho akiiona chupa tu anaanza kulia. Mviringishe kwa kanga, mikono ikiwa ndani. Mlaze chali, kanga nyingine ikunje uiweke chini ya mabega ili kichwa kirudi nyuma kidogo. Dondosha matone 2 tundu moja, matone 2 la pili, bila ncha ya chupa kugusa ngozi. Subiri nusu dakika hadi dakika moja. Wengi hupiga chafya hapo hapo na kamasi linatoka lenyewe, unafuta kwa kitambaa laini, umemaliza.

Kama bado unasikia mkoromo wa kamasi, tumia kipira cha kunyonyea kamasi. Kibonyeze kikiwa NJE ya pua hewa yote itoke, ndipo uweke ncha mlangoni mwa tundu, uiegemeze kidogo upande wa nje, uachie taratibu. Ukikibonyeza kikiwa ndani unapuliza kamasi lirudi nyuma kooni, na hilo ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote. Toa, kamulia kwenye tishu, hamia tundu la pili.

Kipira kisizidi mara 3 au 4 kwa siku. Ngozi ya ndani ya pua ikivutwa mara kwa mara inavimba, wakati mwingine inatoa damu, na pua iliyovimba inaziba hata ikiwa haina kamasi. Mzazi anasikia imeziba, anavuta tena, uvimbe unazidi. Ukivuta na hakitoki kitu, acha. Matone peke yake unaweza kuyarudia kabla ya kila nyonyo akihitaji.

Kamasi lililokaukia mlangoni lilainishe kwa tone moja, subiri, kisha futa kwa pamba iliyosokotwa na kulowanishwa. Vijiti vya masikio visiingie puani.

Kipira kioshwe kila baada ya kutumika: vuta maji ya uvuguvugu yenye sabuni, tikisa, kamua, rudia kwa maji safi, kining'inize ncha ikitazama chini. Ndani kukibaki maji panaota ukungu mweusi, na ndani ya kipira kisichofunguka huwezi kuuona.

Kunyonya: mpe mara nyingi, kidogo kidogo, ukimshika akiwa wima zaidi kuliko kawaida. Akichoka, kamua maziwa umpe kwa kikombe kidogo, ukigusisha ukingo mdomo wa chini anywe mwenyewe bila kumimina. Maji, chai ya tangawizi, juisi ya limao, vyote bado hajavifikia. Maziwa yako yanatosha kabisa, hata kama nawe umeshikwa na mafua. Vaa barakoa ukimnyonyesha, nawa mikono, endelea.

---

Mfamasia_Zamu

Naongezea upande wa dawa, kwa sababu hapa ndipo watoto wanapoumia.

Matone ya "kuzibua pua" yana dawa zinazokaza mishipa ya damu: efedrini, oksimetazolini, zailometazolini. Kwa mtoto mdogo hufyonzwa kuingia mwilini, moyo unakwenda mbio, au kinyume chake anapoa, analegea na kusinzia isivyo kawaida. Yakitumika kwa siku kadhaa, kila nguvu ya dawa inapokwisha pua inavimba zaidi ya mwanzo. Soma boksi, angalia kiambato. Unachotaka ni kilichoandikwa sodiamu kloraidi 0.9% tu.

Vicks ina kafuri, mentholi na mafuta ya mkaratusi, na maelekezo yake yenyewe yanakataza kwa walio chini ya miaka 2. Kafuri ikiingia mwilini inaweza kuleta degedege. Mentholi karibu na pua ya mtoto mchanga inaweza kumfanya abane koo na kusitisha pumzi kwa muda. Ule ubaridi tunaouhisi sisi watu wazima haufungui pua kweli, unatudanganya tu kuwa hewa inapita. Usimpake kifuani, mgongoni, wala nyayoni: mkono wake unafika mguuni na kutoka mguuni unafika mdomoni.

Dawa za maji za mafua na kikohozi zisimguse. Klofeniramini (Piriton) inamlaza na kukausha kamasi likawa gundi. Promethazini hairuhusiwi chini ya miaka 2 kwa sababu inaweza kuzuia upumuaji. Salbutamoli ya maji, inayouzwa kama dawa ya "kufungua kifua", haina kazi kwenye pua iliyoziba, itamwacha anatetemeka na moyo unadunda. Amoksilini haiui virusi, na kamasi kugeuka njano au kijani siku ya tatu au ya nne ni mwenendo wa kawaida wa mafua.

Asali kabla ya mwaka 1, hapana. Inaweza kubeba mbegu za bakteria zinazochipua ndani ya utumbo wa mtoto na kutoa sumu inayolegeza misuli, hata ya kupumulia. Kuichemsha hakuziui mbegu hizo.

Parasetamoli: mtoto wako hana homa, kwa hiyo hana sababu ya kuinywa. Kwa umri huu homa ikija, apelekwe kupimwa leo leo. Usiishushe ukakaa nyumbani ukisubiri. Kwa wenye watoto wakubwa kidogo wanaosoma hapa, kipimo kinatokana na uzito, miligramu 10 hadi 15 kwa kilo. Mtoto wa kilo 8 anafika miligramu 120, yaani mililita 5 za ile yenye miligramu 120 kwa kila mililita 5, kila baada ya saa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Zipo chupa zenye nguvu zaidi ya hiyo, soma lebo, na pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Kijiko cha jikoni hakipimi dawa.

---

MamaK_Njombe

Asanteni sana, mmenifungua macho. Matone yakiisha usiku naweza kutengeneza mwenyewe? Na bibi zetu walikuwa wanavuta kamasi kwa mdomo, kuna ubaya? Kufukiza je?

---

Nesi_Kliniki

Unaweza, ukipima. Chemsha maji yatokote dakika 5, yapoe yakiwa yamefunikwa, ndipo upime mililita 500 na kutia robo tatu ya kijiko cha chai cha chumvi laini, kijiko kikiwa kimesawazishwa kwa kisu. Koroga mpaka iyeyuke yote. Onja: iwe na chumvi kama machozi. Ikikukunja uso ni kali, itamwasha na pua itavimba. Weka kwenye chombo kilichochemshwa, tumia ndani ya saa 24, yanayobaki mwaga. Kwa kudondoshea, bomba la mililita 1 bila sindano linafaa, na matone 2 ni kama sehemu moja ya kumi ya mililita (0.1), kidogo mno. Nasisitiza hilo kwa sababu mitandaoni kuna video za watu wanaosukuma mililita 10 tundu moja zitokee la pili. Mtoto wa wiki 9 anaweza kupaliwa, na shinikizo linaweza kusukuma kamasi kwenye masikio.

Kuvuta kwa mdomo: mdomo wa mtu mzima una vijidudu vyake, na nguvu ya kuvuta huwezi kuipima. Kipo kifaa chenye mrija na kichujio, mzazi anavuta upande mmoja bila mate kumfikia mtoto. Hicho hakina shida.

Kufukiza, hapana kabisa. Maji ya moto na mtoto chini ya blanketi moja ni ajali ya kuungua inayosubiri, na mvuke wa mkaratusi unawasha njia zake za hewa. Kama hewa ya chumbani ni kavu, anika nguo mbichi mbali na kitanda, inatosha. Wa Dar, Tanga na Mombasa hata hilo hamlihitaji, hewa ya pwani ina unyevu wa kutosha.

Jiko la mkaa, mama, litoe leo. Moshi unaongeza kamasi, lakini kibaya zaidi ni ile gesi isiyo na harufu wala rangi ambayo mkaa hutoa hata ukiwa mwekundu bila moshi. Imeua familia nzima usingizini. Pasha shuka kwa chupa ya maji ya moto kisha uiondoe kabla hujamlaza, mvike nguo moja zaidi ya unazovaa wewe, kofia umvue akilala ndani. Udi, ubani, dawa ya mbu ya kuchoma na sigara navyo vikae mbali na chumba chake.

Na alale chali, godoro likiwa bapa. Mito ya kumwinua kichwa inamfanya ateleze, kidevu kinakandamiza kifua na njia ya hewa inajikunja. Ukitaka awe wima, mshike kifuani kwako ukiwa macho.

---

Tabibu_Zahanati

Wenzangu wamemaliza ya pua. Mimi naomba ujifunze kutofautisha pua na kifua, maana usiku wa manane uamuzi utakuwa wako.

Akiwa ametulia, si ananyonya wala analia, funua nguo uone tumbo na mbavu. Washa saa ya simu, hesabu kila tumbo linapopanda, dakika nzima kamili. Usihesabu sekunde 15 ukazidisha mara nne. Watoto wadogo hupumua haraka kisha wakatulia sekunde chache, ukikata dakika utakosea. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni nyingi: hesabu mara ya pili, zikibaki hapo, nenda. Kuanzia miezi 2 hadi kabla ya mwaka 1, kiwango ni 50. Mwanao yuko mpakani, kwa hiyo ukipata 50 na zaidi mara mbili mfululizo, nenda tu.

Kisha tazama chini ya mbavu. Mtoto mwenye pua iliyoziba hutoa kelele nyingi lakini kifua kinapanda vizuri. Mwenye shida kifuani, anapovuta hewa ile sehemu ya chini ya mbavu inabonyea ndani badala ya kutoka nje. Jaribio rahisi: safisha pua kama ulivyoelekezwa, mpe dakika 10, hesabu na tazama upya. Pua ikifunguka na pumzi bado ni za mbio au mbavu zinabonyea, tatizo halikuwa pua.

Usisubiri asubuhi ukiona mojawapo ya haya: mbavu kubonyea, kuguna kila anapotoa pumzi, tundu za pua kutanuka, midomo au ulimi kuwa na rangi ya bluu, kusita kupumua, degedege, kulegea au kulala kiasi cha kutoamka kunyonya, kunyonya chini ya nusu ya kawaida yake, pampasi kavu kwa muda wa saa 6 hadi 8. Joto kwapani likifika 37.5 kwa mtoto mdogo hivi, au likishuka chini ya 35.5, ni hivyo hivyo. Ubaridi wa mwili kwa mtoto mchanga una uzito ule ule wa homa, na watu wengi hawaujui.

Mafua ya kawaida huchukua siku 7 hadi 10, kikohozi kinaweza kubaki wiki mbili au tatu. Kama ni virusi vilivyoshuka kwenye vijia vidogo vya mapafu, siku ya 3 hadi ya 5 ndizo ngumu zaidi. Mwanao anaingia humo, kwa hiyo hesabu pumzi asubuhi, jioni, na kabla hujalala.

Kikohozi kikikawia, atatokea mtu wa kukwambia kimio kimerefuka kikatwe. Kataa. Mtoto anakohoa kwa sababu kamasi linadondokea kooni, kimio hakihusiki. Kukikata kunaleta damu isiyokatika, maambukizi na pepopunda.

Chanjo usiahirishe. Mafua mepesi bila homa si kizuizi, na dozi ya wiki 10 ndani yake ina kinga ya kifaduro na ya nimonia. Mpeleke siku yake, mwambie mhudumu ana mafua, ampime joto na pumzi kabla ya sindano. Akikutwa na homa au pumzi za mbio, atatibiwa kwanza na utapangiwa siku nyingine ya karibu.

---

MamaK_Njombe

Jiko limetoka. Nimehesabu amelala: 42, mbavu hazibonyei. Baada ya matone amenyonya titi moja mpaka mwisho. Nitahesabu tena kabla ya kulala.

---

Tabibu_Zahanati

Vizuri sana, 42 ni salama. Andika namba na saa kila unapohesabu. Ukilazimika kwenda kituoni, nenda na karatasi hiyo, itamsaidia atakayempokea mtoto kuona kama zinapanda.