Sikwensa za zamani: Moog 960 au Roland MC-8?

FundiSpika: Wakuu, uzi wa ubishi wa sikwensa, yaani mashine inayopiga noti yenyewe kwa mpangilio ulioiwekea. Ukitaka kuelewa mashine zilivyoanza kujipigia muziki, uanze na ipi: Moog 960 ya mwishoni mwa miaka ya 1960 au Roland MC-8 ya 1977? Mimi niko na Moog. Safu 3, kila moja nobu 8. Unazungusha nobu, volti inabadilika, noti inapanda au inashuka hapohapo muziki ukiendelea.

BintiKaseti: Noti 8 halafu inarudi mwanzo, mkuu, raha yake dakika mbili! MC-8 ina kompyuta ndani. Kila noti unaibonyezea namba ya kimo cha sauti, namba ya muda hadi noti inayofuata, na namba ya muda inaosikika. Maelfu ya noti zinaingia, kisha unahifadhi kwenye kaseti. Kwenye Moog, ukishagusa nobu wimbo wa jana umekwenda.

MzeeWaVolti: Vijana, sinthesaiza (mashine ya kutengeneza sauti kwa umeme) ya RCA Mark II ya New York, 1957, mmeiacha wapi? Maagizo yalitobolewa kwenye karatasi, mashine imejaza chumba. Mtunzi Milton Babbitt aliitungia midundo ambayo vidole vya mtu vingeishindwa. Ila hiyo si ya kununua.

FundiSpika: @BintiKaseti, wimbo "I Feel Love" wa Donna Summer, Munich, 1977: ile besi ni sinthesaiza ya Moog na sikwensa yake. Dunia nzima ilicheza.

BintiKaseti: Na Moog hiyohiyo ilikuwa haikai kwenye tuni, wakawa wanarekodi vipande vifupi na kutuni upya. Hata kile kishindo cha chini ilibidi Keith Forsey akipige mwenyewe kwenye drams, maana Moog haikukitoa vizuri.

SautiYaPili: MC-8 nayo iliuzwa karibu dola 4,800, zikatoka takriban 200 tu. Wazo ni la Ralph Dyck wa Kanada, Roland wakalichukua. Walioitendea haki ni bendi ya Yellow Magic Orchestra ya Japani, waliompandisha Hideki Matsutake jukwaani aishughulikie. Kura yangu MC-8, japo kutunga kwa kubonyeza namba ni kama kujaza fomu za benki.

FundiSpika: Na ukikosea namba moja ya muda, besi inaachana na zingine hadi mwisho wa wimbo!

BintiKaseti: Unairekebisha hiyo moja, mkuu. Wewe nobu zako 24 ulizikumbuka zilivyokuwa jana?