Tupeane uzoefu: nani amewahi kukataliwa begi la ziada msimu wa Desemba?

Binti wa Umoja
Ndugu zangu, nimerudi sasa hivi kutoka uwanja wa ndege wa Embakasi na begi ambalo lilipaswa kuwa angani saa hii. Dada yangu amesafiri na mabegi mawili ya kilo 23 kila moja, kama tiketi yake inavyoruhusu, lakini la tatu limekataliwa ingawa pesa tulikuwa tumezishika mkononi. Mhudumu wa kaunta alituambia kwa upole kwamba mizigo ya ziada katika njia ile imesimamishwa hadi katikati ya Januari. Mwezi wa Mei tulilipia begi kama hilo hilo bila neno. Shirika linakataaje pesa? Waliowahi kupitia haya, tupeane uzoefu.

Jirani wa South B
Yalinikuta mwaka juzi, nami nilikuwa na boksi moja tu. Nililirudisha kwa matatu.

Mpakiaji Mstaafu
Binti, nimepakia mizigo uwanjani hapo kwa miaka mingi, na nakuhakikishia kwamba pesa wanaitaka, tena sana. Hebu piga hesabu: abiria 250 wenye mabegi mawili ya kilo 23 ni kilo 11,500, na kila mmoja akiongeza la tatu tumefika kilo 17,250. Mwezi wa Mei viti kadhaa huwa wazi na wengi husafiri na begi moja, kwa hiyo la kwenu lilipata pa kukaa. Desemba ndege imejaa na kila abiria ametumia haki yake yote. Kumbukeni pia kwamba uwanja wetu uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na joto la mchana huizidishia wepesi, kiasi kwamba ndege ambayo ingeruka Mombasa ikiwa imeshiba, hapa huenda ikalazimika kupunguziwa kitu. Mafuta ya safari ndefu hayaguswi, maana ndani yake kuna akiba ya kuifikisha ndege kwenye uwanja mwingine ikiwa ule iendako umefungwa. Abiria hawashushwi ovyo. Kinachobaki ni mizigo, na begi likiachwa leo lipandishwe kesho, linaikuta ndege ya kesho nayo imejaa. Rundo huanzia hapo, na ni afadhali begi likataliwe kaunta kuliko lipokelewe kisha lilale wiki nzima pembeni.

Mfanyabiashara wa Eastleigh
Mzee, maelezo yako ni mazuri, lakini maua ya Naivasha yanapata nafasi katika tumbo la ndege hiyo hiyo. Waridi lina haki kuliko mimi?

Mpakiaji Mstaafu
Mwenye maua ameweka nafasi yake mapema kwa mkataba. Wewe unatokea kaunta saa mbili kabla ya safari na furushi kubwa kama godoro.

Mfanyabiashara wa Eastleigh
Furushi langu umelionea wapi?

Mama wa Njahi
Wanangu, acheni kuzozana, niwaeleze yangu. Binti yangu alikuwa amejifungua ng'ambo, nami nikafunga safari na begi la tatu lenye maharagwe meusi ya njahi, unga wa wimbi na blanketi la mtoto. Kaunta wakakataa. Nikapiga magoti sakafuni, nikafungua mabegi yote matatu mbele ya foleni nzima, nguo zangu za ndani zikionekana na kila mtu, nikaanza kutoa vitenge ili njahi ipate nafasi. Mfuko ukapasuka. Njahi ikamwagika juu ya vigae, punje nyeusi zikiviringika hadi chini ya magurudumu ya mabegi ya watu, na mtoto mmoja akaanza kuziokota moja moja akizihesabu kwa sauti. Nililia, sitaficha. Ndipo kijana aliyekuwa na begi moja tu akaniambia, "Mama, mimi nina nafasi ya begi lingine, lete nikupitishie." Akalipitisha kwa jina lake, na tulipofika akanikabidhi.

Askari wa Zamani
Mama, shikamoo, lakini kijana huyo alikosea vibaya sana. Begi likishaandikishwa kwa jina lako, kilichomo ni chako, hata kikiwa dawa za kulevya.

Jirani wa South B
Aliiona njahi ikimwagika mbele ya macho yake! Angeshuku nini tena?

Askari wa Zamani
Aliiona njahi. Je, pindo la blanketi alilipasua akaangalia ndani?

Mama wa Njahi
Blanketi nililifuma mwenyewe, mwanangu.

Mwanafunzi Mrudi
Mimi nashauri mjaze mabegi yenu mawili hadi kilo 32 kila moja, kisha mlipie uzito uliozidi.

Mpakiaji Mstaafu
Mtu yeyote asimsikilize huyu. Katika msimu huo uzito uliozidi nao huhesabiwa kuwa mzigo wa ziada. Hizo kilo 32 ndizo kikomo cha begi moja kwa sababu kuna mgongo wa binadamu unaolinyanyua, na wangu hadi leo unalalamika.

Mfanyabiashara wa Eastleigh
Pelekeni kwa kargo wiki tatu kabla. Mkihamisha vitu kaunta, msisahau kwamba betri ya kuchajia simu hukaa katika mkoba wa mkononi; begi langu liliwahi kufunguliwa kwa ajili ya kitu hicho.

Jirani wa South B
Au mpande ndege ndogo za uwanja wa Wilson kwenda mbuga ya Mara, ambako mtaruhusiwa kilo 15 katika begi laini, na la mkononi likihesabiwa humo humo.

Binti wa Umoja
Asanteni. Begi liko sebuleni, nalo limejaa unga wa wimbi na dagaa wa omena, kwa hiyo nyumba nzima inanukia Kisumu. Mama wa Njahi, zile zilizomwagika uliziokota zote?

Mama wa Njahi
Nilizoweza. Moja niliikuta ndani ya kiatu nilipokivua kwa binti yangu.