Fomu ya chanjo ya HPV kwa mtoto wa kiume: tusaini au tuache?

Dada, Leicester:
Jamani, habari za wikendi. Kijana wangu wa miaka 12 kaleta fomu ya shule, wanataka kumchoma chanjo ya HPV, ile ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi. Baba yake kaikunja kaitia kwenye droo: "Saratani ya mlango wa kizazi na mtoto wa kiume, wapi na wapi?" Mwisho wa kuirudisha ni Ijumaa. Mlifanyaje wenzangu?

Kaka, Birmingham:
Mimi vya bure naviogopa. Tangu lini saratani ikaambukizwa kama mafua?

Shangazi, Leeds:
Kaka, saratani haiambukizi, hapo uko sawa. Kinachoambukiza ni kirusi, na kisa cha kugundua hilo kinapita kwetu Afrika Mashariki, hospitali ya Mulago, Kampala.

Mwaka 1957 Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland mwenye jicho moja, aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba taya pande zote, juu na chini. Hakuelewa. Muda si mrefu, akiwa hospitali ya Jinja, akachungulia dirishani akamwona mtoto mwingine ana uvimbe uleule. Wa kwanza ungesema bahati mbaya, lakini wawili? Akaanza kuandikia hospitali za Afrika nzima, kisha 1961 yeye na wenzake wawili wakapanda gari kuukuu, wakazunguka kama maili 10,000 hadi Afrika Kusini na kurudi, kila hospitali swali ni lile lile: huu mnauona? Palipo na joto na mvua ulikuwepo. Milimani kwenye baridi, hakuna. Yaani ulitembea na malaria.

Mwaka huohuo Anthony Epstein alimsikia Burkitt akihadhiri London, akashuku kirusi. Vipande vya uvimbe vikawa vinapelekwa kwa ndege kutoka Kampala, na kwa miaka miwili hakuona kitu. Siku moja 1963 ukungu ukaipeleka ndege Manchester, kipande kikachelewa, maji yake yakafika yamekuwa kama ya mchele. Mimi nafanya kazi maabara. Kitu kama hicho tunatupa. Yeye akatia tone kwenye hadubini, akakuta seli hai zinaelea. Kutokana na hizo, mwaka 1964, kirusi kikaonekana: cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Sasa sikia, kaka. Kirusi hicho karibu sote tunacho, wewe na mimi, na taya zetu hizi hapa. Peke yake hakitoshi. Kwa watoto wale malaria ya kila mara ilikuwa imeshachosha kinga.

Mjerumani Harald zur Hausen alianzia kwenye kirusi hichohicho, kisha akageukia mlango wa kizazi. Wakati ule wengi walikuwa wanalaumu kirusi cha malengelenge. Yeye akang'ang'ania kirusi kingine, HPV, na 1983 kundi lake likaipata aina ya 16 ndani ya uvimbe wenyewe. Nobel akapewa 2008.

Kwa shemeji: HPV hupita kwa tendo la ndoa na ngozi kugusana, na mwanamume humletea saratani ya koo, ya uume na ya njia ya haja kubwa. Ndiyo maana hapa Uingereza wavulana waliingizwa 2019, na huchomwa mapema, kabla ya mambo hayo. Siku hizi ni sindano moja. Akikosa shuleni, anaweza kuipata bure kabla hajatimiza miaka 25. Nyumbani nako ipo, ila ilianza na wasichana: Tanzania 2018, Kenya 2019.

Kaka, Birmingham:
Haya shangazi, la malaria sikulijua. Bado naviogopa vya bure.

Dada, Leicester:
Nimemsomea baba yake. Kwao ni Jinja, basi kaniuliza ni dirisha la wodi gani. Fomu kaitoa, kaisaini. Ila kwenye droo hiyohiyo tumekuta barua yangu ya kipimo cha mlango wa kizazi, ya tangu mwaka jana. Shangazi, usiniulize. Napiga simu kesho saa mbili asubuhi wakifungua.