Ati kiuno changu kimeota kutu!

Wakuu, nimetoka zamu ya usiku sasa hivi, hata viatu sijavua. Mnamjua aliyesema hivyo. Wa hapa Kigoma mnamjua, yule wa kalamu nne mfukoni ambaye hajawahi kuonekana akiandika na hata moja.

Usiku kucha nimemgeuza mzee wa kiharusi kila baada ya saa 2 asipate vidonda vya kulalia. Mzee ana mwili kama gati. Mpini wa kupandishia kitanda ulipotea enzi za mkoloni, mguu mmoja umekalia tofali, kwa hiyo wa kuinama ni mimi. Saa 12 asubuhi, zamu inakaribia kuisha, mgongo ukalia ko! Nikashika ukuta. Ndipo anapita, mikono mfukoni, ndugu wa mgonjwa wamesimama na chupa zao za uji: "Sista, kiuno cha kichen pati kinazunguka, cha wodini kimeota kutu?"

Kimeota kutu! Ndugu wakacheka. Mzee mwenyewe, nusu ya mdomo imelala, akacheka na nusu iliyobaki.

Miaka 9 nanyanyua watu, bega la kulia halifiki hata kwenye kamba ya kuanikia nguo. Halafu kimeota kutu. Mbele ya chupa za uji!

Mgebuka Mkavu: Pole sana dada. Ila kichen pati ulienda hukuenda?

Mwenye uzi: Nilienda. Nilikaa kwenye kiti!

Wa Mwanga: Video tunayo.

Bibi Nesi: Mwanangu, usimvute peke yako. Shuka lishikwe na wawili, magoti yakunjwe, mgongo usipinde. Marekani wataalamu wao wa usalama kazini wanashauri mtu asinyanyue kwa mikono zaidi ya kilo 16 za mgonjwa.

Mwenye uzi: Shikamoo mama. Kilo 16 ni mguu mmoja wa yule mzee. Na tulikuwa wawili wodi nzima, mwenzangu anahangaika na dripu za wagonjwa kule mwisho.

Kuli wa Kibirizi: Kilo 16 ndo mnalia? Mimi nashusha madumu ya mawese ya lita 20 kutoka boti za Kagunga, mawili mawili, na hakuna anayeniita sista.

Tisha wa Kasulu: Njooni msimame ubaoni vipindi 7. Jioni miguu haiingii hata kwenye kandambili.

Mgebuka Mkavu: Tisha, wewe si huwa unafundisha umekaa?

Bibi Nesi: Binti, chua na mawese ya uvuguvugu, kisha nenda kwa watu wa mazoezi tiba. Usimeze diklo za maumivu kama karanga.

Wa Mwanga: Kuli, dumu la mawese shilingi ngapi siku hizi?

Kuli wa Kibirizi: Njoo pembeni tuongee. Yapo mekundu kabisa, hayajachakachuliwa.

Mgebuka Mkavu: Yale ya mwezi uliopita yaliganda na mchanga chini, mkuu.

Kuli wa Kibirizi: Huyo siyo mimi. Huyo mnamjua.

Mwenye uzi: Jamani, kiuno changu.

Wa Mwanga: Subiri kidogo dada. Kuli, na dumu tunakurudishia au linabaki?