Mwelekezi anapokuwa pia mshabiki wa hadithi anayoiongoza, amsikilize nani?

Mwelekezi_Nakuru

Waungwana, nawasalimu kutoka Nakuru. Kwa miaka minne nilikuwa mtazamaji tu wa tamthilia moja ya mtandaoni inayopigwa picha huku kwetu, na mwaka huu nimekabidhiwa kuiongoza. Nilipoketi kuandika, mkono ulijiendea wenyewe kwenye vile nilivyovipenda. Kuna mhusika aliyeuawa mwanzoni kabisa ambaye sikuwahi kumsahau. Nikalirudisha koti lake la kijani lililochanika begani, nikalipa dakika nne nzima likining'inia kwenye msumari huku mama yake akilitazama. Mtayarishaji aliusoma muswada, akaniuliza: mtu anayeanza kutazama leo ataona koti la nani? Sikuwa na jibu, na swali hilo limeninyima usingizi.

Najua hata wakubwa wamepitia hali hii. J.J. Abrams alikuwa mshabiki wa Star Wars tangu utotoni, na alipoiongoza filamu ya 2015 wengi walimlaumu kwamba aliirudia mno ile ya 1977. Je, mapenzi ya mshabiki yaachwe mlangoni, au yana kazi yake?

Binti_Kondele

Kaka, yana kazi, tena kubwa, lakini inategemea wewe ni mshabiki wa namna gani. Mtazame Ryan Coogler, mwelekezi wa filamu ya Black Panther. Alivisoma vitabu vya katuni vya Black Panther tangu akiwa mvulana huko Oakland, Marekani, na mhusika huyo alikuwa amebuniwa mwaka 1966 na Stan Lee na Jack Kirby. Alipopewa filamu, hakutosheka kuyapanga upya yale aliyoyapenda. Aliianzisha Oakland kwao, mwaka 1992, kisha akamtumia Killmonger, adui wa mfalme, kuiuliza Wakanda, ufalme wa kubuni wa Afrika, swali ambalo mtoto mweusi wa Marekani angeiuliza: ikiwa mlikuwa na nguvu zote hizo, mbona mlituacha? Huo ni ugomvi wa mtu anayependa, na studio haingeweza kuununua kwa mwelekezi ambaye hakukua na hadithi ile.

Niliitazama hapa Kisumu mwezi Februari 2018, wakati mji wote ulikuwa ukimzungumzia Lupita Nyong'o, aliyeigiza humo, kama binti wa nyumbani. Mbele yangu aliketi mzee ambaye, kwa maswali aliyokuwa akimnong'oneza mjukuu wake, ilikuwa wazi hajawahi kufungua hata ukurasa mmoja wa katuni hizo. Killmonger aliposimama mbele ya kiti cha enzi kudai haki yake, mzee aliacha kutafuna karanga, mkono ukabaki ndani ya karatasi mpaka onyesho likaisha.

Wajibu nao ulimfika Coogler kwa uchungu. Chadwick Boseman, aliyemwigiza mfalme wa Wakanda, alifariki Agosti 2020, na filamu ya pili ikabidi iandikwe upya. Ile iliyotoka mwaka 2022 inaanza na kifo cha mfalme na mazishi yake, na hapo mwelekezi alikuwa akiwabeba waigizaji waliofiwa kwelikweli.

Mhariri_Kakamega

Dada amesema vyema, ila naomba nimtetee mgeni. Filamu ya kwanza ya Star Trek, iliyotokana na tamthilia ya televisheni ya safari za angani, ya mwaka 1979, iligharimu pesa nyingi na ikalaumiwa kwa kujikokota. Kazi ya pili ilipewa mtayarishaji Harve Bennett, ambaye hakuwa mshabiki. Alivitazama vipindi vyote 79 vya televisheni, akamwokota adui mmoja, Khan, kutoka kipindi cha 1967. Mwelekezi, Nicholas Meyer, naye alikuwa mgeni kabisa kwa hadithi hiyo. Kwa takriban dola milioni 12 walitoa filamu ya 1982 ambayo mashabiki wengi mpaka leo huitaja kuwa bora kuliko zote, na humo walimuua Spock, kipenzi chao, jambo ambalo mshabiki pengine asingethubutu.

Kwa hiyo, ndugu yangu, muswada wako mpe mtu asiyeijua tamthilia hiyo, kisha umtazame usoni anaposoma. Mahali atakaporuka mistari ndipo ulipojiandikia mwenyewe.

Fundi_Picha_Bungoma

Mimi hutengeneza picha za kompyuta, kwa hiyo nitaongeza neno moja kuhusu wanaolipia mapenzi hayo. Kionjo cha filamu ya Sonic kilipotoka Aprili 2019, mashabiki waliyakataa meno na macho ya mhusika huyo aliyechorwa kwa kompyuta, na mwelekezi Jeff Fowler akakubali abadilishwe. Filamu ikasogezwa kutoka Novemba hadi Februari 2020. Naamini uamuzi ulikuwa sahihi, lakini kila onyesho lililorudiwa lilikuwa na watu waliokuwa wameshalimaliza. Kabla ya kuongeza dakika nne za koti, hesabu ni nani atakayekesha kwa ajili yake.

Mwelekezi_Nakuru

Nawashukuru nyote. Nimemsomea shangazi yangu, ambaye hajawahi kutazama hata kipindi kimoja. Alivumilia mpaka kwenye msumari, kisha akauliza kwa nini hakuna anayelivaa koti lile ilhali Nakuru kuna baridi. Nimeandika upya: sasa analivaa mdogo wa marehemu akienda kutafuta kibarua, mikono imemzidi urefu, na mama anamkunjia bila kusema neno. Ni sekunde arobaini. Mtayarishaji amekubali, na tunapiga picha Alhamisi alfajiri.