Mboni ya jicho na mwanafunzi wa praimari, mbona kwa kizungu jina moja?

MamaKiboriloni: Wapendwa habari za jioni, naomba msaada. Binti yangu yupo form two, jana umeme umekatika tumekaa na kandili tunasoma baiolojia, si akanisogelea usoni kabisa akaniangalia weee halafu akasema mama, mimi nipo humo ndani ya jicho lako, mdogooo. Halafu akaniuliza, mboni kitabu kinaiita "pupil", na mwanafunzi wa praimari naye anaitwa hivyohivyo, vinahusianaje? Nikakosa la kumjibu.

Mwl_Ngaramtoni: Shikamoo mama. Binti ameshajijibu! Kilatini pupa ni msichana au mwanasesere, ukikadogosha kanakuwa pupilla. Warumi waliona hichohicho alichoona binti, ukimkaribia mtu machoni unakuta katu kadogo humo, ni sura yako mwenyewe inarudishwa na konea, kile kioo angavu cha mbele ya jicho, wakaipa mboni jina hilo. Na kwenye sheria zao pupillus au pupilla alikuwa mtoto asiye na baba aliye chini ya mlezi, likapitia Kifaransa mpaka likawa mtoto aliye chini ya mwalimu. Wagiriki nao mboni walishaiita kore, msichana, na Waarabu wanasema insan al-ayn, mtu wa jicho. Mimi hili huwa linanigusa sana.

MamaKiboriloni: Marahaba mwalimu, ubarikiwe. Na mboni yetu je, nayo ina kasichana?

Mwl_Ngaramtoni: Hapana, yetu inatoka kwenye kuona. Kibantu cha zamani ni bona, sisi b ikadondoka tukabaki na ona ila Wahaya mpaka leo wanasema okubona, Wazulu bona. Kwenye mboni ile b imeshikiliwa na m ya mbele haikudondoka. Wenzetu walitaja wanachokiona humo, sisi tukataja kazi yake.

FundiMiwani_Sakina: Niongezee na lenzi maana ndo kazi yangu, Kilatini lens ni adesi, hizihizi za kula, Waarabu nao adas ni adesi na adasa ni lenzi. Shika punje moja uiangalie kwa ubavu, pembeni nyembamba katikati imevimba pande zote mbili, basi ndo lenzi ya jicho hiyo. Na mboni ni tundu tu, kwenye mwanga hafifu inapanuka, kwa hiyo ile kandili ilimsaidia binti, weusi ulikuwa mwingi nyuma ya picha yake.

MamaKiboriloni: Jamani asanteni mno. Adesi ninazo jikoni, keshachagua punje tatu kafunga kwenye karatasi, kesho anazipeleka shule.